Muflisi wa mtaani na muflisi wa mahakama

Mtaani mtu akisemwa "kafilisika", watu huelewa kwamba duka limefungwa, pikipiki imekwenda na hakuna wa kumkopesha tena. Hiyo ni hali, na humpata mtu bila karatasi wala hakimu. Ufilisi wa sheria ni jambo jingine: ni amri ya Mahakama Kuu ya Kenya chini ya Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile kongwe, Sura ya 53. Amri ikitolewa, wanaodai hawamwandami tena kila mmoja kivyake. Mali yake husimamiwa kwa niaba ya wote, na kwa kawaida, miaka 3 tangu awasilishe taarifa ya mali na madeni, huachiliwa.

Neno "kuachiliwa" nalitetea. Wengi husema "kusamehewa deni", lakini msamaha ni wa mwenye haki yake. Ni yeye anayeamua kutoa au kunyima. Hapa sheria ndiyo inayomfungua mdaiwa, anayedai apende asipende. Mtu aliyezoea kusikia mshtakiwa "ameachiliwa" ataelewa mara moja. Walakini si madeni yote yanayoachiliwa: deni lililopatikana kwa ulaghai hubaki, na matunzo ya watoto vilevile.

Familia nyingi humwendea wakili zikiwa zimechelewa, zikiwa na karatasi ya dalali mkononi: makochi, televisheni, friji, vyote vimeorodheshwa, na siku 7 za kulipa kabla havijachukuliwa. Wakili mwema huanza na orodha hiyo. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Mwenendo wa Madai kinakinga nguo, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko, pamoja na zana za fundi. Cherehani ya mshonaji haifai kuwa kwenye karatasi ile, na mtu ana haki ya kulisema hilo kwa sauti.

Kisha wakili huuliza kama ufilisi wenyewe unahitajika. Upo mpango wa hiari baina ya mdaiwa na wanaomdai. Ipo amri ya kulipa kwa awamu. Na upo utaratibu wa mdaiwa asiye na mali, kwa mwenye madeni kati ya shilingi 100,000 na milioni 4, ambaye hana cha kuuza wala uwezo wa kulipa. Huyu huomba kwa Mpokeaji Rasmi, na akikubaliwa, baada ya miezi 12 huwa huru. Nimesikia ukiitwa "utaratibu wa mafukara". Naomba tuliache jina hilo. Aibu tayari inawazuia watu kutafuta msaada.

Hofu ya jela nayo ni kubwa. Mwaka 2010 Jaji Martha Koome, kabla hajawa Jaji Mkuu, aliamua kuwa kumfunga mtu kwa kushindwa kulipa deni la mkataba kunapingana na mkataba wa kimataifa ambao Kenya imeuridhia. Majaji wengine hawakukubaliana naye, na jela ya madai bado imo sheriani.

Linalosahaulika zaidi ni mdhamini. Muflisi akiachiliwa, shemeji aliyemtilia saini kwenye sacco habanduki. Deni lote laweza kumgeukia yeye. Kwa hivyo kabla ya fomu yoyote kujazwa, majina ya wadhamini yaandikwe yote, na waitwe waelezwe.