EPA Ipi Hiyo?

Mwaka 2008, ukitaja EPA mbele ya wakulima Tanzania, wote walijua unasema zile shilingi bilioni 133 zilizochotwa kwenye akaunti ya EPA, Benki Kuu. Mimi, mfasiri wa makaratasi ya asasi, nilitoka jasho kueleza kwamba ipo EPA nyingine, Mkataba wa Ubia wa Uchumi kati ya Afrika Mashariki na Ulaya. Mzee mmoja akaniuliza, "Na hiyo nayo kala nani?"

Swali lake lilizidi karatasi zangu. Mkataba wa Cotonou wa mwaka 2000 ndio uliotaka sisi na Ulaya tufunguliane masoko. Lakini Tanzania, kwa kuhesabiwa miongoni mwa nchi maskini kabisa, ilikuwa ikiuza Ulaya bila ushuru tangu 2001. Kenya haikuwa na kinga hiyo. Mwishoni mwa 2014 maua yake yalitozwa ushuru kwa miezi kadhaa, na maua hayangoji. Hata hivyo ni wakulima wadogo wa Kenya waliotutangulia: walikwenda mahakamani mwaka 2007, na Oktoba 2013 wakapata hukumu iliyoitaka serikali yao iwashirikishe wananchi katika mazungumzo.

Sisi tulielekeza macho Dodoma, maana Ibara ya 63 ya Katiba inalipa Bunge kazi ya kuridhia mikataba. Karatasi yetu ya kwanza ilisema asilimia 82.6 ya bidhaa kutoka Ulaya zingefutiwa ushuru hatua kwa hatua ndani ya miaka 25. Mbunge mmoja wa kusini akaikunja akaitia mfukoni, akaagiza chai. Nikamwambia kuna kifungu kinachobana ushuru mpya kwa malighafi zinazouzwa nje. "Malighafi gani?" Korosho ghafi, mheshimiwa. Ngozi pia. Karatasi ikatoka mfukoni, chai ikapoa. Usiku ule niliiandika upya yote, kurasa kumi na nne zikawa mbili, asilimia nikazipeleka mwisho.

Nisijivike kilemba cha ukoka. Mzee Mkapa alikuwa akiuandika mkataba ule vibaya magazetini, na neno la rais mstaafu si sawa na la mfasiri. Juni 2016 Waingereza walipiga kura ya kujitoa Umoja wa Ulaya. Julai Serikali yetu ikasema haisaini. Kenya na Rwanda zikasaini Septemba. Kwa hiyo Bunge lilipoukataa mkataba Novemba, halikuwa likishindana na Serikali. Siku ambayo lingeshindana nayo, sijui karatasi zetu zingefika wapi. Ila hoja za viwanda na malighafi zilizosemwa mle ndani hazikuzaliwa asubuhi ile. Zilikuwa zimezunguka vijijini miaka minane, zikisahihishwa na watu wanaouza korosho kwa kilo.

Desemba 2023 Kenya ilisaini na Ulaya mkataba wake peke yake, jijini Nairobi, nao ukaanza kutumika Julai 1, 2024. Tanzania haimo.