Clinton na Ajira kwa Walioishi kwa Posho

Wiki hii, wasikilizaji wapenzi, nataka turudi nyuma hadi Jumamosi ya tarehe 8 Machi 1997. Siku hiyo Rais Bill Clinton wa Marekani, katika hotuba yake ya redio ya kila wiki, alitangaza kwamba wizara na idara za serikali yake zitawaajiri watu waliokuwa wakiishi kwa posho ya serikali.

Agizo hilo lilikuwa na deni nyuma yake. Tarehe 22 Agosti 1996 Clinton alitia saini sheria iliyofuta mpango wa posho kwa familia maskini zenye watoto, mpango ulioanza mwaka 1935 enzi za Rais Roosevelt. Tangu hapo, kwa kawaida, mtu hakuweza kulipwa fedha za serikali kuu kwa zaidi ya miaka mitano katika maisha yake yote. Wengi wao walikuwa akina mama waliolea watoto peke yao. Wakaambiwa: nendeni kazini. Haya, kazi iko wapi? Clinton aliwaomba wenye makampuni wawachukue, nao walikuwa na haki ya kumwuliza: na wewe je, mwajiri mkubwa kutushinda sote?

Tarehe 10 Aprili ikatolewa hesabu: watu 10,000 katika miaka minne. Ikulu yenyewe iliahidi kuchukua sita. Sita! Lakini nisiwe mwepesi wa kucheka. Makamu wa Rais Al Gore, aliyekabidhiwa mpango huu, ndiye aliyekuwa akisimamia pia upunguzaji wa wafanyakazi serikalini. Huku watu wanatolewa, huku wengine wanaingizwa.

Njia mojawapo iliyotumika ilikuwa ya kuajiri wanagenzi. Mtu aliingia ngazi ya chini, bila mlolongo mrefu wa maombi, kwa muda usiozidi miaka mitatu. Akifanya vizuri, aliweza kuthibitishwa. Mimi naona hapo palikuwa na busara. Mtu asiye na vyeti alipewa nafasi ya kupimwa kwa kazi ya mikono yake.

Je, lengo lilifikiwa? Lilipitwa, tena mara kadhaa, kabla Clinton hajaondoka madarakani. Hapa ndipo ninaposita. Sehemu kubwa ya idadi hiyo ilitokana na sensa ya mwaka 2000, kazi ya muda ya kubisha hodi nyumba hadi nyumba. Katika hesabu za serikali, karani wa sensa na mwanagenzi wa miaka mitatu waliandikwa sawasawa: mtu mmoja, ajira moja.

Sensa ikaisha, makarani wakarudisha mikoba. Aliyelazimika kwenda kuomba posho tena aliikuta miezi aliyokwisha kuitumia katika miaka yake mitano imeandikwa, inamngoja.