Kila kipuri kina tarehe yake

Haya, tumalizie ile mada ya mashine ya kukata nyasi. Ikikataa kuwaka watu hudhani imekufa, kumbe mara nyingi ni kipuri kimoja tu kimechoka. Na kila kipuri kina historia.

Anza Uingereza, 1830. Edwin Budding, fundi wa Stroud, alijua mashine za viwandani zilizonyoa vitambaa vya sufu viwe laini. Akawaza: si inaweza kunyoa na bustani? Akapata hataza mwaka huohuo. Visu vyake vilizunguka kwenye rola na kukata kama mkasi. Injini ilikuwa mtu anayesukuma! Ya petroli ilikuja 1902, kutoka Ransomes wa Ipswich.

Ruka hadi Sydney, 1952. Mervyn Victor Richardson alitengeneza Victa ya kwanza, tangi lake la mafuta likiwa kopo la pichi. Kisu chake kilizunguka chini kama feni. Hakikuwa cha kwanza cha aina hiyo, ila Victa ilikieneza Australia nzima. Kisu hiki hupiga nyasi kwa kasi. Kikiwa butu, kinazichana na ncha zinageuka kahawia. Kinoe, kikipinda, kibadilishe.

Na ukigonga jiwe? Ndani kuna kipande kidogo cha chuma laini kinacholipanga gurudumu la injini. Kikikatika, plagi inatoa cheche kwa wakati usio wake. Unavuta kamba weee, mashine haiwaki. Kipande chenyewe ni cha bei ndogo sana.

Sasa Marekani, 1982. Sheria ikaamuru: ukiachia mpini, kisu kisimame ndani ya sekunde 3. Ndiyo sababu kuna ile kebo inayotoka kwenye mpini. Kwenye mashine nyingi ikilegea, breki haiachii, injini inagoma. Wengine wanaufunga mpini kwa kamba ili kazi iendelee. Jamani, msifanye hivyo! Kebo ile iliwekwa kwa ajili ya vidole vyenu. Nunua mpya. Na kabla hujagusa kisu, chomoa waya wa plagi.

California imeanza kuzuia injini ndogo mpya za petroli kuanzia modeli za 2024. Zilizopo gereji bado zinaruhusiwa kutumika. Kwa hiyo ujuzi wa kuzifungua bado una kazi, na mzee anayeujua yuko hapo nyumbani kwenu. Muulize kwa Kiswahili.