Waliotangulia Reli: Vinasaba vya Kale na Historia ya Thika na Ruiru

Historia ya Thika na Ruiru mara nyingi huandikwa kana kwamba walowezi ndio waliofungua ukurasa wa kwanza: hoteli ya Blue Posts mwaka 1908 karibu na maporomoko ya Chania na Thika, reli mwaka 1913, kisha katani, kahawa na mananasi. Wazee wa Kikuyu hawakuwahi kuisimulia hivyo. Wao huanza na Agumba, watu wafupi waliokaa mashimoni, na Athi, wawindaji ambao mbari za Kiambu zilisema zilinunua ardhi kwao kwa mbuzi na kondoo. Madai hayo yaliwasilishwa hata mbele ya Tume ya Ardhi iliyoteuliwa na Waingereza mwaka 1932. Kwamba palikuwa na watu kabla ya wakulima, wenyeji walijua tangu zamani, na sayansi sasa inawafuata nyuma.

Imechelewa kwa sababu ya joto. Katika nchi za joto vinasaba huoza upesi, na kwa miaka mingi ilidhaniwa mifupa ya Afrika haitasomeka. Mambo yalibadilika mwaka 2015, iliposomwa mifupa ya mtu aliyezikwa katika pango la Mota, Ethiopia, miaka 4,500 iliyopita. Siri ilikuwa mfupa mgumu unaozunguka sikio la ndani, ambao huhifadhi vinasaba pale mifupa mingine inaposhindwa.

Miaka minne baadaye jarida la Science lilichapisha utafiti wa watu 41 wa kale kutoka Kenya na Tanzania, ulioongozwa na Mary Prendergast kwa kushirikiana na wataalamu wa Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya. Baadhi ya watu hao walizikwa Lukenya, kile kilima cha mawe upande wa Athi River, kusini mwa Thika. Walikuwa wafugaji. Nasaba yao ilionyesha safari ndefu: mababu wa kaskazini mashariki mwa Afrika, ambao wenyewe walikuwa mchanganyiko wa watu wenye asili ya karibu na Afrika Kaskazini na Mashariki ya Kati na wengine wa upande wa Sudan, walishuka kusini na mifugo yao, wakaoana na wawindaji waliowakuta huku. Baada ya hapo kuoana huko kulipungua sana, ingawa jamii hizo ziliendelea kuishi jirani kwa karne nyingi.

Jambo linalonigusa zaidi ni la maziwa. Karibu wafugaji wote waliochunguzwa hawakuwa na jeni inayomwezesha mtu mzima kumeng'enya maziwa mabichi kwa urahisi. Walichunga ng'ombe bila kusubiri miili yao izoee. Huenda waliyagandisha kwanza, kama bado tunavyofanya na maziwa lala. Wakulima wenye nasaba ya Kibantu wanaonekana baadaye: mtu aliyezikwa Deloraine, katika Bonde la Ufa, yapata miaka 1,200 iliyopita, tayari ana nasaba hiyo. Wakikuyu wa leo hubeba nasaba hiyo ikiwa imechanganyika na ya Kikushi na ya Kinailoti. Vinasaba haviwezi kututajia jina la Agumba, lakini haviwaumbui wazee waliosema kwamba wageni na wenyeji walikutana, wakafanya biashara na kuoana.

Ruiru ina ukoo mwingine unaostahili kusimuliwa, wa mbuni. Mwaka 2024 wanasayansi walitangaza walichokipata baada ya kusoma vinasaba vya mibuni ya arabika ya porini na ya mashambani, pamoja na sampuli iliyokaushwa karne ya 18, ambayo Linnaeus aliitumia kuupa mmea huo jina la kisayansi. Arabika ilizaliwa kati ya miaka 610,000 na 350,000 iliyopita, kabla hajakuwapo mtu wa kuilima, pale robusta ilipochanganyika yenyewe na mbuni mwingine wa Afrika uitwao eugenioides. Ikapata kromosomu 44 badala ya 22 za wazazi wake. Kwa kuwa hujichavusha yenyewe na imepitia vipindi vya kupungua sana, ina utofauti mdogo mno wa kijeni. Zao linalolisha mamilioni ya familia limesimama juu ya shina jembamba.

Wakulima wa Kiambu waliuona udhaifu huo bila darubini. Chulebuni, ugonjwa wa kahawa ambao wengi huuita CBD, iligunduliwa Kenya mwaka 1922, na katika miaka ya 1960 iliozesha matunda machanga kwa kiwango cha kutisha. SL28, aina ya kahawa iliyochaguliwa miaka ya 1930 na kupendwa duniani kwa ladha yake, haikuwa na kinga. Watafiti wa kituo cha kahawa cha Ruiru walitafuta damu mpya mbali: Rume Sudan kutoka nyanda za Boma, na Catimor, iliyorithi kinga ya kutu ya majani kutoka kwa chotara wa arabika na robusta aliyezuka mwenyewe kisiwani Timor na kuonekana mwaka 1927. Matunda ya kazi hiyo ni Ruiru 11, iliyotolewa mwaka 1985, ambayo mbegu zake huzalishwa kwa kuchavusha maua kwa mkono. Tukio la kale la robusta kukutana na jamaa yake lilijirudia Timor, na watu wa Ruiru wakalivuna.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaoiona ardhi hii kama viwanja tu. Mashamba ya kahawa ya Ruiru yanageuzwa mitaa ya nyumba, na matingatinga huchimba misingi bila mtu wa makumbusho karibu. Kituo cha utafiti bado kinatunza mibuni ya asili mbalimbali, na kinapaswa kulindwa kama maktaba. Kwa mifupa, Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006 humtaka anayegundua kitu cha kale kuiarifu serikali. Fundi anayekuta kaburi la zamani ukingoni mwa Chania asimame apige simu. Kipande kidogo cha mfupa wa sikio chaweza kutosha kulifungua upya swali la Agumba.