Chapisha, Andika au Sema? Historia ya Ujumbe wa Programu kwa Kiswahili na Nafasi ya Kibajuni katika Pwani ya Kismayu

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya amri moja ndogo ya kompyuta: ile inayoiagiza mashine kutoa ujumbe ili mwanadamu ausome. Yanaeleza jinsi amri hiyo ilivyohama kutoka karatasini hadi kwenye kioo, na kutoka mistari ya maandishi hadi vitalu vya picha vinavyounganishwa na watoto. Kisha yanaitazama safari hiyo kutoka Visiwa vya Bajuni na pwani ya Kismayu, ambako Kiswahili ni lugha ya nyumbani lakini si lugha ya dola. Hoja kuu ni kwamba maandishi ya vitalu ni mali ya mfasiri, ilhali ujumbe ulio ndani ya kitalu ni mali ya mtumiaji. Tofauti hiyo ina maana kwa sera ya lugha.

1.0 Utangulizi

Anayejifunza kuandika programu huanza kwa kuiagiza mashine iseme neno. Desturi hii ilienea hasa baada ya kitabu cha Brian Kernighan na Dennis Ritchie kuhusu lugha ya C, kilichotolewa mwaka 1978, ambacho programu yake ya kwanza hutoa salamu kwa ulimwengu. Salamu hiyo haina kazi nyingine ila kuthibitisha kwamba mashine imesikia na inaweza kujibu.

Zaidi ya salamu, ujumbe wa namna hii ndio taa ya mtunga programu. Hesabu inapokwenda kombo, yeye hupachika ujumbe katikati ya hatua zake ili aone thamani iliyomo wakati huo. Ujumbe huo huonekana katika dirisha la pembeni liitwalo konsoli, ambalo kwa kawaida mtumiaji wa mwisho halioni kamwe. Hivyo kuna lugha mbili ndani ya programu moja: ile ya kumhudumia mteja, na ile ambayo mtunga programu hujisemea mwenyewe. Tafiti za Kiswahili katika teknolojia zimeishughulikia zaidi ile ya kwanza. Makala haya yanaitazama ya pili.

2.0 Kutoka karatasi hadi kitalu

Neno la Kiingereza linalotumika katika amri hii, lenye maana ya kuchapa, ni kumbukumbu ya zama zilizopita. Lugha ya FORTRAN ilipotolewa mwaka 1957, matokeo yalichapwa kweli kwa wino juu ya karatasi. Vivyo hivyo lugha ya BASIC, iliyoanza kutumika katika Chuo cha Dartmouth, Marekani, mwezi Mei 1964: wanafunzi waliketi mbele ya mashine za simu ya maandishi, na kila jibu lilitoka likiwa limepigwa chapa. Konsoli nayo ilikuwa meza ya mwendeshaji, yenye swichi na taa. Vioo vilipochukua nafasi ya karatasi, maneno yalibaki ingawa vitu vyake vilikwisha kuondoka.

Mazingira ya kutunga programu kwa picha yalirithi msamiati huo kwa namna mbili. Baadhi yaliuhifadhi. Katika Pure Data, iliyotungwa na Miller Puckette katika miaka ya 1990 kwa ajili ya muziki, mtumiaji huunganisha visanduku kwa nyuzi, na kisanduku kimoja chenye neno lilelile la kuchapa hupeleka kila kinachopokewa kwenye dirisha la ujumbe. Mengine yaliuacha. Scratch, iliyotolewa mwaka 2007 na Maabara ya Vyombo vya Habari ya MIT, haikumpa mtoto konsoli. Ilimpa mhusika juu ya jukwaa na kitalu cha kusema. Ujumbe hutoka kinywani mwa mhusika, ndani ya kiputo, kama katika hadithi za katuni.

Kwa mfasiri wa Kiswahili, tofauti hii si ndogo. “Chapisha” humrudisha msomaji kwenye karatasi na kitabu, na mwanafunzi anaweza kudhani kwamba printa itaanza kufanya kazi. Neno “chapa” lenyewe lina mizigo mingine, kwa kuwa mtoto wa shule huijua zaidi katika kuchapwa viboko. “Andika” liko karibu zaidi na tendo linaloonekana, lakini huacha swali la nani anaandika: mtoto au mashine? “Onyesha” ni sahihi ila ni pana mno. “Sema” ndilo linalobainisha mtendaji bila utata, na linawiana na jamii ambamo maarifa ya bahari, kilimo na nasaba yamepitishwa zaidi kwa mdomo. Uamuzi wa kuchagua kati ya maneno haya ni wa kiistilahi, lakini pia ni uamuzi kuhusu jinsi mashine itakavyoeleweka.

3.0 Mwaka 2004: matukio mawili

Tarehe muhimu katika historia ya Kiswahili cha programu ni mwaka 2004, pale mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice, programu huria za ofisi zilizofasiriwa kwa Kiswahili. Kazi kama hiyo huwezekana kwa sababu ujumbe hutenganishwa na msimbo na kuwekwa katika faili za tafsiri. Mashine huchukua sentensi inayolingana na lugha iliyochaguliwa. Kiswahili kilichotumika kilikuwa sanifu, yaani kile kilichojengwa juu ya Kiunguja baada ya mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 na kazi ya Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930. Mtumiaji wa kawaida wa Afrika Mashariki aliweza sasa kuonywa na kompyuta, kwa lugha yake, kwamba faili halijahifadhiwa.

Mwaka huohuo wa 2004, lahaja mojawapo ya kaskazini ya Kiswahili ilikuwa ikipimwa mahali pengine kwa sababu nyingine. Baada ya dola ya Somalia kuanguka mwaka 1991, Wabajuni wengi walikimbia Kismayu na visiwa vya Koyama, Chovai na Chula, wakafika Mombasa, na wengine Ulaya. Nchini Uingereza, baraza la rufaa za uhamiaji lilitoa mwaka 2004 uamuzi wa mwongozo uliohusu hasa uwezo wa mwombaji hifadhi kusema Kibajuni. Namna mtu alivyotamka neno iliweza kuwa ushahidi wa alikotoka, na kwa hiyo kigezo cha kupewa au kunyimwa usalama.

Matukio haya mawili hayakuhusiana, lakini yakiwekwa pamoja yanaonyesha pengo. Kiswahili kimoja kilikuwa kinapewa sauti ndani ya mashine. Kingine kilihitajiwa na mamlaka kama alama ya utambulisho tu, bila kupewa nafasi yoyote ya kutumika.

4.0 Lugha iliyokatwa na mipaka

Pengo hilo lina mizizi mirefu. Wabajuni, waitwao pia Watikuu, wanaenea kutoka kaskazini ya Lamu hadi Kismayu. Mwaka 1925 Uingereza iliikabidhi Italia eneo la Jubaland, na jamii moja ikajikuta chini ya tawala mbili. Kapteni Stigand alikuwa amekwisha kuijumuisha lahaja yao katika kitabu chake cha mwaka 1915 kuhusu tofauti za lahaja za Kiswahili. Vinigo Grottanelli aliandika juu ya wavuvi wao mwaka 1955. Na Derek Nurse na Thomas Hinnebusch wakaiweka mahali pake katika historia ya lugha za Kisabaki mwaka 1993. Kwa hiyo Kibajuni hakikukosa wataalamu. Kilikosa taasisi.

Somalia ilipotangaza hati ya Kilatini kwa Kisomali mwezi Oktoba 1972 na kuifanya lugha ya utawala, kampeni ya kusoma na kuandika iliyofuata ilikuwa ya Kisomali. Katiba ya Muda ya mwaka 2012 inataja Kisomali kuwa lugha rasmi na Kiarabu kuwa lugha ya pili. Upande wa kusini, taasisi za Kiswahili za Kenya na Tanzania ziliendeleza lugha sanifu. Msemaji wa Kibajuni akabaki kati: kwa Mogadishu lugha yake ni ya wageni wa kusini, na kwa usanifishaji ni lahaja ya pembezoni.

Mpaka huo sasa umo ndani ya mashine. Hazina ya data za lugha ya shirika la Unicode, inayotumiwa na mifumo mingi ya simu na kompyuta, imekiorodhesha Kiswahili kwa nchi nne: Tanzania, Kenya, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Somalia haimo. Kanuni za kuunda vitambulisho vya lugha hazikatazi kuunganisha Kiswahili na Somalia, na mfumo unaokutana na kitambulisho hicho unaweza kurejea kwenye Kiswahili cha jumla. Kinachokosekana ni utambuzi: hakuna data ya eneo iliyoandaliwa kwa ajili ya Kiswahili cha nchi hii.

5.0 Ndani ya alama za kunukuu

Hata hivyo, uchunguzi wa amri ya ujumbe unaonyesha nafasi ambayo haihitaji kibali cha mtu. Scratch ya toleo la tatu, iliyotoka Januari 2019, ina Kiswahili miongoni mwa lugha zake. Maandishi yaliyo juu ya kitalu huamuliwa na wafasiri, nayo ni sanifu. Lakini kitalu cha kusema kina kijisanduku cheupe ambacho mtoto hujaza mwenyewe. Hapo hakuna kamusi wala mhariri. Mtoto wa Chula anaweza kumfanya mhusika aseme kwa Kibajuni, na mashine itatoa kila herufi kama alivyoiandika.

Kiufundi hakuna kizuizi. Sifa bainifu za Kibajuni, kama vile ch mahali ambapo sanifu ina t katika maneno mengi (ndiyo sababu jina la jamii husikika pia kama Wachikuu), huandikika kwa herufi za kawaida za Kilatini. Anayependelea hati ya Kiarabu, ambayo pwani imeitumia kwa karne nyingi, atazikuta katika Unicode herufi za ziada za p, ch na v. Kizuizi kilichobaki ni cha mtazamo: mwalimu anayesahihisha “wachu” kuwa “watu” ndani ya alama za kunukuu anasahihisha kitu ambacho mashine yenyewe imekikubali.

6.0 Hitimisho na mapendekezo

Somalia ilitia saini mkataba wa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 15 Desemba 2023, na ikawa mwanachama kamili Machi 2024. Kwa hatua hiyo, Kiswahili cha Kismayu kimeingia ndani ya eneo la kazi la Kamisheni ya Kiswahili ya Jumuiya yenye makao yake Zanzibar. Mambo matatu yanafaa kuzingatiwa. Kwanza, vyombo vya Kiswahili viandae na kuwasilisha data ya msingi ya Kiswahili cha Somalia katika hazina ya Unicode. Ni kazi ya gharama ndogo. Pili, istilahi za amri za programu zisanifiwe kwa kuangalia tendo lenyewe, si kwa kufuata historia ya karatasi iliyomo katika Kiingereza. Tatu, mitaala ya kufundisha programu kwa watoto itamke wazi kwamba ujumbe ulio ndani ya kitalu uandikwe kwa lugha ya mtoto.

Pendekezo la tatu halihitaji bajeti wala mkataba, na ndilo lililo hatarini zaidi kucheleweshwa. Kibajuni kimekwisha kutumika kama ushahidi mbele ya mabaraza ya wageni. Watoto wa wale walioulizwa maswali hayo wanastahili kukitumia kwa kazi iliyo rahisi zaidi: kuiambia mashine iseme jambo, na kusoma jibu lake.