Machozi ya zanana



Juzi bi harusi mmoja alikuja kupima gauni, akaniambia kwa aibu kuwa kila usiku anatazama filamu ya huzuni, analia, ndipo anapata usingizi. Ana kasoro? Nikamwambia, mdogo wangu, bibi zetu walikata tiketi kwa jambo hilo hilo.

Miaka ya 1950 na 1960 hapa Unguja, na Mombasa pia, kulikuwa na maonyesho ya sinema ya wanawake watupu, yakiitwa zanana. Mabuibui yalijaa Majestic pale Vuga, jengo la mwaka 1955 lililochukua nafasi ya lile la kwanza lililoungua. Filamu zilizopendwa ni za Kihindi. Lugha wengi hawakuijua, lakini mama anayelia haitaji mkalimani.

Bibi yangu hakuisahau Mother India ya mwaka 1957, Nargis akiwa ndiye mama. Kisa kinaanzia harusini (mnaokopa kwa ajili ya ukumbi, sikilizeni): mama mkwe amekopa rupia 500 za harusi, na riba inakula robo tatu ya mavuno. Mume anapondwa mikono na jiwe, kisha anaondoka zake. Njaa inaingia, watoto wanakufa. Mwisho kabisa mwanawe Birju anamteka msichana siku ya harusi yake, na mama mwenyewe anampiga risasi mwanawe. Hapo, bibi alisema, ukumbi mzima ulikuwa kamasi tu.

Bibi alikuwa amezika mtoto wa miaka miwili. Msibani chozi likimtoka, huambiwa asubiri. Mtume wetu SAW alimlilia mwanawe Ibrahim. Kilichokatazwa ni mayowe na kuchana nguo. Lakini nyumba imejaa wageni, chai inasubiriwa, utalia saa ngapi? Alikuja kumlilia mtoto wake zanana, gizani, katikati ya wanawake waliokuwa na yao. Hakuna aliyemuuliza kitu, maana wote wanamlilia Nargis. Akatoka, akanunua njugu, akarudi kupika. Usiku ule alilala.

Bi harusi wangu amefiwa na mama yake mwaka jana. Kila anayemwona anamwambia acheke, harusi imekaribia. Nimemwambia Ijumaa baada ya Isha aje kwangu, na filamu achague yeye.