Ubatizo wa maji Congo: kwa nini wazee walingojeshwa miaka minne

Kila mwaka Pasaka inapokaribia, makanisa ya mashariki mwa Congo yanatayarisha watu wa kubatizwa. Katika parokia za Wakatoliki, padri anamwaga maji kichwani. Katika makanisa ya Wapentekoste, waumini wanashuka pamoja na mchungaji hadi ziwani au mtoni, na mtu anazamishwa mwili mzima. Kwa Wakimbanguisti hakuna maji kabisa. Wote watatu wanasema wanabatiza, na wote wanasoma Biblia moja.

Tofauti hiyo inaleta matatizo ya kweli ndani ya jamaa. Mtu aliyebatizwa akiwa mtoto anahamia kanisa lingine, anaambiwa ubatizo wa kwanza haukuwa kitu, anarudi majini mara ya pili, na mama yake anaona kama amemkana. Mwingine anaokoka Jumatano, Jumapili yuko mtoni, na baada ya miezi sita hakuna anayejua anasali wapi. Mabishano mengi yanakuwa juu ya kiasi cha maji: kidogo au mengi? Lakini ukiangalia historia ya nchi hii, swali lililoumiza watu zaidi ni lingine: mtu alifundishwa nini, na kwa muda gani, kabla ya kuguswa na maji?

Maana ya maji tangu mwanzo

Neno kubatiza limetoka katika Kigiriki, na maana yake ya kwanza ni kuchovya au kuzamisha. Yohane alibatiza katika mto Yordani kama alama ya toba. Mtume Paulo, katika barua yake kwa Warumi, alieleza kwamba anayebatizwa anazikwa pamoja na Kristo na kufufuka naye katika maisha mapya. Kwa hiyo maji yalikuwa na maana mbili kwa mara moja: kuoshwa na kuzikwa.

Maandiko ya kale ya Wakristo yanayoitwa Didake yanaagiza kutumia maji yanayotiririka. Kama hayapo, maji mengine yanafaa, na kama ni machache, yamwagwe kichwani mara tatu kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Maana yake ni kwamba Wakristo wa kwanza walijua namna zote mbili. Jambo ambalo hawakulirahisisha ni mafundisho. Sheria moja ya kale ya Kanisa, inayohesabiwa kuwa ya karne ya 3, ilitaka mtu afundishwe miaka mitatu, na waliomleta waulizwe kama anaishi vizuri, anawatembelea wagonjwa na kuwasaidia wajane.

Wakati wa chumvi

Katika eneo letu la Afrika, ubatizo ulianza kwa haraka. Tarehe 3 Mei 1491, mfalme wa Kongo, Nzinga a Nkuwu, alibatizwa kwake Mbanza Kongo, mji ulio leo ndani ya Angola, akaitwa João wa Kwanza. Wamisionari Wareno walikuwa na muda mfupi tu tangu wafike kwake. Baada ya miaka kidogo mfalme huyo aliurudia mwenendo wa zamani, hasa kwa sababu alikatazwa kuwa na wake wengi. Mtoto wake Afonso wa Kwanza, aliyetawala tangu 1509, ndiye aliyeishika dini kwa nguvu na kuieneza.

Mapadri Wakapuchini walifika mwaka wa 1645. Walikuwa wachache na nchi ilikuwa kubwa. Walipita vijiji, wakabatiza maelfu kwa maelfu, kisha wakaendelea na safari. Katika ibada ya Kilatini ya wakati ule, padri aliweka chumvi kidogo kwenye ulimi wa anayebatizwa kama alama ya hekima. Wakongo waliipenda chumvi ile, na wengi waliamini inamkinga mtu na uchawi. Ubatizo wenyewe ukaitwa kwa Kikongo «kudia mungwa», yaani kula chumvi. Jina hilo linaonyesha watu walishika nini: chumvi ilibaki mdomoni, lakini mafundisho hayakupata muda.

Kulikuwa na jambo baya zaidi. Katika bandari ya Luanda, watumwa walibatizwa kwa makundi kabla ya kupakiwa merikebuni kwenda Amerika. Myesuiti Alonso de Sandoval, aliyewapokea watumwa huko Cartagena, alichapisha kitabu mwaka wa 1627 akilalamika kwamba wengi walimwagiwa maji bila kueleweshwa chochote. Ubatizo ulikuwa umegeuka kuwa muhuri wa bidhaa.

Ndiyo maana halikuwa jambo la ajabu kwamba msichana Mkongo, Beatriz Kimpa Vita, aliyebatizwa mwenyewe akiwa mtoto, alisimama kuanzia 1704 akifundisha kwamba Mungu anaangalia nia ya moyo kuliko ibada ya ubatizo. Alichomwa moto mwaka wa 1706. Kanisa la wakati ule lilimhesabu kuwa mzushi, lakini lawama yake iligusa kidonda cha kweli.

Miaka minne kwenye Tanganyika

Karibu miaka 170 baadaye, Ukristo uliingia Congo kwa mlango wa mashariki. Mapadri Weupe, shirika lililoanzishwa na Kardinali Charles Lavigerie huko Algiers mwaka wa 1868, walifika Ujiji mwaka wa 1879 na kuvuka ziwa Tanganyika. Mwaka wa 1885 walipokea kituo cha Mpala. Mwaka wa 1893 wakaanzisha Baudouinville, inayojulikana leo kama Moba-Kirungu.

Lavigerie alikuwa amesoma historia ya Kanisa la kale la Afrika ya Kaskazini, na aliogopa ubatizo wa haraka. Akatoa amri: hakuna mtu mzima wa kubatizwa kabla ya miaka minne. Miaka miwili ya kwanza, mtu alikuwa mwombaji tu, akifundishwa kwamba Mungu yuko, ni mmoja, na anataka haki. Miaka miwili iliyofuata alikuwa mkatekumeni, akifundishwa juu ya Yesu Kristo, sala na sakramenti. Kwenye mwambao wa ziwa, Kiswahili kilitumika sana katika kazi hiyo pamoja na lugha za wenyeji. Mzigo wa kufundisha kila siku uliwaangukia makatekista, raia wa vijiji hivyo hivyo.

Wamisionari wengine walilalamika kwamba miaka minne ni mingi. Jibu lilipatikana ng'ambo ya pili, Uganda. Kabaka Mwanga alipowakamata Wakristo, mwezi Mei 1886, Karoli Lwanga aliwabatiza kwa mkono wake vijana waliokuwa bado wakatekumeni, na Kizito alikuwa mmoja wao. Siku chache baadaye walichomwa moto huko Namugongo. Sheria ya Kanisa inaruhusu mtu yeyote kubatiza wakati wa hatari ya kifo, na Lwanga aliijua. Muda wa kungoja haukuwa umewapunguzia imani.

Lakini si vizuri kuipamba historia hii. Wengi kati ya wabatizwa wa kwanza wa Mpala na vituo vingine vya ziwa walikuwa watoto waliokombolewa kutoka kwa wafanyabiashara wa watumwa na kulelewa misioni. Mtoto wa namna hiyo hakuwa na kwao pa kurudi kama angekataa. Tena, mwanaume mwenye wake wengi alitakiwa kubaki na mmoja. Wako waliongoja hadi siku ya kufa ndipo wakabatizwa. Wako waliofukuza wake, na wanawake hao na watoto wao ndio waliolipa bei ya ubatizo wa mtu mwingine.

Hata hivyo, shule hiyo ndefu ilizaa matunda yanayoonekana. Stefano Kaoze, mtoto wa milima ya Marungu, alisoma kwa wamisionari hao, na mwaka wa 1917 alipewa upadri huko Baudouinville. Ndiye Mkongomani wa kwanza kuwa padri katika nyakati hizi mpya.

Mto uliogeuzwa kuwa hakimu

Waprotestanti wengi waliofika Congo walileta ubatizo wa kuzamisha. Wabatisti wa Uingereza walianza kazi upande wa magharibi mwaka wa 1878. Huku Katanga, Wapentekoste William Burton na James Salter walifika Mwanza mwaka wa 1915, na katika miaka ya 1920 Wapentekoste wa Uswidi walikuja upande wa Uvira. Kwao ubatizo ni ushuhuda wa mtu aliyekwisha kuamini, kwa hiyo mtoto mchanga habatizwi. Mtoni kila mtu anaona: majirani, wakwe, hata watu anaowadai na wanaomdai. Ushuhuda huo wa wazi ni nguvu ya ubatizo wa mtoni.

Lakini mwaka wa 1925 maji hayo hayo yaliua. Tomo Nyirenda, mtu wa Nyasaland aliyeitwa Mwana Lesa, yaani mwana wa Mungu, alihubiri katika Rhodesia ya Kaskazini kisha akavuka mpaka hadi Katanga. Alikuwa amepokea mafundisho ya Watchtower, lakini alifanya kazi peke yake bila kutumwa na mtu. Watu walimfuata kwa sababu aliahidi kuwaondolea wachawi kijijini. Njia yake ilikuwa ubatizo: aliyezama vizuri alihesabiwa safi, na ambaye mwili wake ulielea au haukufunikwa na maji aliitwa mchawi. Waliouawa pande zote mbili za mpaka walizidi mia moja. Nyirenda alinyongwa mwaka wa 1926.

Maji hayakupungua pale. Watu walizamishwa mwili mzima, kama wanaotetea maji mengi wanavyotaka. Kilichokosekana ni mafundisho, pamoja na kanisa la kumuuliza mbatizaji alitumwa na nani.

Ubatizo bila maji

Simon Kimbangu naye alibatizwa na Wabatisti, mwaka wa 1915. Mwezi Aprili 1921 alianza kuhubiri na kuombea wagonjwa huko Nkamba. Mwezi Septemba alikamatwa na serikali ya Wabelgiji, akahukumiwa kifo, kisha adhabu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha. Alifungwa miaka 30 huko Elisabethville, Lubumbashi ya leo, akafia humo tarehe 12 Oktoba 1951.

Kanisa lililokua kutokana na kazi yake linabatiza kwa sala na kuwekewa mikono, bila maji. Linaeleza kwamba Yohane alibatiza kwa maji, lakini Kristo anabatiza kwa Roho Mtakatifu. Kanisa hilo lilipokelewa katika Baraza la Makanisa la Ulimwengu mwaka wa 1969, na jambo la ubatizo lilibaki la kuzungumzwa kati yake na wengine. Mtu anaweza kutokubaliana nao. Lakini watu walioteswa na kuhamishwa makwao kwa ajili ya imani hawawezi kuambiwa kwamba hawakulipa chochote.

Jina liliponyang'anywa

Mwaka wa 1972, Rais Mobutu alikataza majina ya Kikristo. Waliobatizwa Joseph na Marie walitakiwa kuandikisha majina ya mababu peke yake, na padri aliyempa mtoto jina la kigeni alitishiwa kifungo. Kardinali Malula alipopinga, alilazimika kukaa Roma kwa miezi kadhaa. Kwa watu wengi jina ndilo lilikuwa alama kubwa ya ubatizo. Lilipoondolewa kwenye karatasi za serikali, watu waliendelea kusali, na nyumbani waliitana kama zamani. Walijifunza kwamba ubatizo si kadi wala si jina.

Wakati huo huo Kanisa Katoliki lote lilikuwa linarudi nyuma kujifunza. Mtaguso wa pili wa Vatikano uliagiza mwaka wa 1963 kwamba ukatekumeni wa watu wazima, wenye hatua kadhaa, urudishwe. Wazee wa Mpala na Moba walikuwa wameupitia miaka mingi kabla.

Kinachobaki kuulizwa leo

Mwaka wa 1982 Baraza la Makanisa la Ulimwengu lilitoa maandishi yaliyotungwa Lima, yakiyaomba makanisa yatambue ubatizo wa wenzao na kuepuka kumbatiza mtu mara ya pili. Wakatoliki na makanisa mengi ya Waprotestanti wanakubali ubatizo wa maji uliofanywa kwa jina la Utatu. Makanisa yanayobatiza watu wazima tu bado yanaona ubatizo wa mtoto haukutimia. Jambo hilo halitaisha kesho, na jamaa zitaendelea kulibishania.

Lakini mchungaji au padri anayeletewa Mkristo mpya anaweza kuuliza yale waliyoulizwa wazee: Nani amemfundisha? Kwa muda gani? Nani katika shirika au kanisani anamjua na atamtembelea akipotea? Mke wake na watoto wake wanasemaje juu ya mwenendo wake? Baba na mama wa ubatizo wako wapi baada ya picha kupigwa? Pale maswali haya yalipoachwa, chumvi ilibaki mdomoni, watumwa walipigwa muhuri, na watu wa Katanga waliuawa mtoni. Mkristo mpya anayeambiwa angoje bado anafundishwa hajakataliwa. Anapewa kile ambacho wengi waliomtangulia hawakupewa.